Sakafu Iliyokunywa Maneno

Siku ya tatu ya kazi, fundi wa sakafu alikuja jikoni kuomba maji ya kunywa, akauliza kwa adabu kama yule mzee wa chumba cha nyuma naye apelekewe glasi, maana alikuwa akisafisha koo kila mara na vumbi lile si zuri kwa kifua cha mtu mzima.

Mwalimu alikuwa akimenya vitunguu. Bila kuinua macho alimwambia kwamba nyumba ile haina mzee. Yupo yeye peke yake, na mzee wake alizikwa miezi saba iliyopita.

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa, kisha akamtazama mwenyeji wake usoni na kuona utani haupo. Akanywa maji yake yote, akasema labda ni mashine. Mashine ya msasa ikizimwa, alieleza, masikio hubaki yakivuma na mtu husikia mambo ambayo hayapo. Akarudi kazini. Mwalimu naye akarudi kwenye vitunguu vyake, lakini sasa alimenya polepole, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa na tabia hiyo hasa: kusafisha koo kila baada ya dakika chache, kama mtu anayejiandaa kusema jambo, halafu asiseme.

Huyo mume hatuwezi kumruka, basi tummalize mapema. Alikuwa mtu mwema. Hakulewa, hakulala nje, hakuinua mkono wake juu ya mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuwa na maneno. Chakula kikiwa kizuri alikula, kikiwa kibaya alikula. Majirani walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, wakaungoja huo mshindo miaka arobaini, wakachoka. Mwalimu alifundisha hesabu katika shule ya msingi, kutwa watoto hamsini wanampigia kelele, na jioni alirudi kwenye nyumba ambayo unaweza kusikia maji yakichemka ukiwa sebuleni. Alijifunza kujiuliza maswali na kujijibu mwenyewe. Alikuwa hodari kwa hilo, na hakuna aliyemhurumia, maana mke wa mume mpole hahurumiwi.

Jambo moja tu hakulizoea. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliishi siku kumi na moja. Mume ndiye aliyembeba kwenda kumzika. Alirudi, akavua viatu, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Mwalimu alingoja aseme neno juu ya mtoto yule. Alingoja mwaka huo na uliofuata. Akazaa binti, binti akakua, akaolewa, akahamia mbali, na mama yake bado anangoja. Hata wiki ile ya mwisho, akimlisha mgonjwa wake uji, alikuwa anamtazama mdomo. Mzee alisafisha koo, akameza uji, na kesho yake akafa.

Hicho chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa cha mzee. Kila siku alasiri, jua linapoingia dirishani na mbao zikapata joto, alikuwa akiingia humo na kujifungia nusu saa. Mwalimu alidhani anasali, akamheshimu. Agizo alilopewa lilikuwa moja, nalo alipewa kwa kidole, si kwa mdomo: zulia dogo lililo katikati ya chumba lisisogezwe.

Sasa kuhusu sakafu. Nyumba nzima, ukiacha jikoni ambako kulikuwa na saruji, ilitandikwa mbao ngumu nyekundu tangu enzi za wenye nyumba wa kwanza. Zilikuwa mbao nzuri, lakini vanishi ilikuwa imekwisha, zimechubuka, zimeachana. Binti alipokuja kwenye msiba, mwanawe wa miaka minne alikimbia sebuleni pekupeku, kibanzi kikamwingia kisiginoni, na kilio chake kilizidi cha waombolezaji. Binti hakusema kitu, ila tangu siku hiyo kila Jumapili akipiga simu alikuwa na sababu mpya ya kutokuja. Mwalimu alihesabu sababu hizo, maana kuhesabu ndiko alikojua, na zilipofika ishirini na tisa akamtafuta fundi. Alitaka sakafu ambayo mtoto anaweza kuilalia kwa tumbo. Alitaka mjukuu wake aje.

Fundi aliitwa Msasa, na kama alikuwa na jina jingine hakuna aliyelijua. Alikuwa mwembamba, msemaji, mwenye nyusi zilizojaa unga wa mbao, na alipenda kueleza kila anachofanya kama mtu anayeogopa kukaa na mawazo yake. Mwalimu hakuchoka kumsikiliza. Tangu msiba uishe, hakuna mtu aliyezungumza ndani ya nyumba ile kwa sentensi zaidi ya tatu.

Siku ya pili ndipo Msasa alipomwita chumba cha nyuma. Alikuwa amekunja zulia. Chini yake palikuwa na mahali penye upana wa sinia, mbao tupu za kijivu ambazo hazikuwahi kupakwa kitu, zimelainika kama mpini wa jembe la zamani. Pembeni zilikuwa zimezungushiwa misumari midogo ya shaba, imepigwa karibu karibu.

"Nikipitisha mashine juu ya misumari hii itanichania msasa," fundi alisema. "Niing'oe, au nikiruke kiraka hiki? Kwa kweli kukiruka nitaona aibu. Atakayeingia humu atasema fundi alikimbia."

Mwalimu alikitazama kile kiraka. Aliona mahali magoti mawili yalipokuwa yakikaa na, mbele yake, mahali pa kiganja na doa dogo la mdomo. Akaelewa kwamba miaka yote ile mumewe hakuwa akisali. Mtu anayesali hainamishi mdomo mpaka ukagusa mbao. Hapa mtu alikuwa akinong'ona. Kumbe maneno alikuwa nayo, akaja kuyamwaga kwenye ubao, na yeye mkewe yuko ukuta wa pili anajijibu maswali. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka.

"Ng'oa," alisema. "Kwaruza kama kwingine."

Msasa aling'oa, akakwaruza. Na kwa kuwa alikuwa fundi mzuri, alifanya kile ambacho mafundi wazuri hufanya. Vumbi la mbao halitupwi. Ule unga unaotoka chini ya mashine huchanganywa na gundi ukawa rojo, na rojo hilo ndilo linalozibia nyufa kati ya ubao na ubao, ili rangi zilingane. Kwa kawaida Msasa alikuwa akitenga unga wa kila chumba. Lakini hapa mbao zote zilikuwa za mti mmoja, basi akamimina wote katika ndoo moja, unga wa sebule, wa chumba cha kulala na wa kile kiraka, akakoroga. Kwa siku mbili alipiga magoti na kisu chake kipana, akaziba kila ufa wa nyumba ile.

Kufikia mwisho wa wiki vanishi ilikuwa imepakwa mara tatu. Msasa alianzia pembe ya mbali, kama inavyotakiwa, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akamwagiza Mwalimu asikanyage mbao kwa siku tatu. Akakusanya vyombo vyake na kuondoka. Mwalimu alitandika godoro jikoni, akakaa na redio. Kupitia mlangoni aliiona sakafu yake iking'aa, nyekundu, tupu, na alijaribu kuwaza mtoto akiteleza juu yake kwa soksi.

Siku ya nne alasiri aliingia sebuleni pekupeku. Mbao zilikuwa na joto la jua. Kitu cha kwanza kilichomfikia ni harufu. Haikuwa ya vanishi. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyekifumba muda mrefu na sasa amekifumbua, na ilitoka chini.

Kisha mtu akasafisha koo. Akasema, kwa sauti ya marehemu, taratibu, kama mtu anayesoma alichoandika zamani:

"Chakula cha jana kilikuwa kitamu."

Mwalimu alirudi jikoni mbio, kadiri umri wake ulivyomruhusu, akasimama juu ya saruji akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Alisikiliza. Sauti haikuvuka kizingiti. Ilitembea tu kule ndani, ufa hadi ufa, sebuleni, ukumbini, chumbani, ikisema mambo madogo madogo. Ikasema gauni lile la kijani linakufaa. Ikasema leo umechelewa, nilikuwa na wasiwasi. Ikasema pole kwa kichwa. Yalikuwa maneno ambayo Mwalimu angeyapokea miaka ishirini iliyopita na kufa kwa furaha, na sasa hakuthubutu kuyakaribia, kwa sababu yalitoka pahali ambapo hapana koo.

Mwenye akili angefunga mzigo siku hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa na akili, na hata hivyo hakuondoka. Mtu aliyeshinda na njaa miaka arobaini hachunguzi mkono unaompa mkate. Kesho yake alasiri alivuta kiti akaketi mlangoni, miguu jikoni, masikio sebuleni. Keshokutwa alikisogeza kiti ndani. Na siku iliyofuata, sauti ilipomuuliza umeshindaje leo, alijibu.

Alieleza alivyoshinda. Alieleza habari za bei, za goti lake, za jirani aliyepaka ukuta rangi ya kutisha. Alicheka mwenyewe kwa aliyoyasema. Kila alichosema kilipokelewa, akahisi kifua chake kikipungua uzito, na usiku akalala kama mtoto. Ilikuwa hivyo siku sita mfululizo, na zilikuwa siku zake nzuri kuliko nyingi.

Jumapili binti alipiga simu. Mwalimu alitaka kumwambia amenunua kile kitu kidogo cha kumlishia mtoto, kile cha kuchotea, akakishika mkononi, akakitazama, na jina lake halikuja. Akasema "kile kitu." Dakika mbili baadaye lilikosekana neno la mahali hewa inapoingilia ukutani. Binti akauliza kama anakula vizuri, kama anakunywa maji. Mwalimu alikasirika, akasema yeye si mzee wa kusahau. Baada ya simu alichukua kalamu aandike maneno yale aliyoyakosa, na kalamu ikabaki juu ya karatasi. Si kwamba yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hayakuwapo kabisa, kama watoto waliohamishwa shule.

Jumanne alikosa maneno kumi na manne. Jumatano hakuhesabu.

Alhamisi mchana alikuwa jikoni, jua kali nje, barabara imetulia, na aliposikia sauti ukumbini alidhani ni ile aliyoizoea, akainuka kwenda kukaa kwenye kiti chake, lakini alipofika mlangoni miguu ilikataa, kwa sababu sauti ile haikuwa ya mumewe, ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mwalimu, yenye ule mkazo wa mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma, ilikuwa sauti yake mwenyewe, nayo ilikuwa ikifanya mazoezi, ikisema kijiko, kijiko, kijiko, halafu dirisha, dirisha, polepole, ikirekebisha, ikirudia pale ilipokosea, na kila neno liliposemwa vizuri harufu ile ya kinywa ilizidi kupanda kutoka kwenye mbao.

Mwalimu alimpigia Msasa. Alichopata kusema kilikuwa kifupi, maana vipande vingi vya sentensi vilikuwa vimeshakwenda. Alisema, "Fundi, njoo. Kile kiraka kinaongea."

Msasa alifika asubuhi, na safari hii hakuwa na maneno mengi. Aliingia sebuleni hatua tatu, akasikiliza, akatoka nje na kuketi kwenye ngazi. Mwalimu aliketi kando yake. Fundi alisema hana pa kuuficha uso wake. Mzee aliyemfundisha kazi alimwonya zamani kwamba ukikuta mbao tupu zilizozungushiwa shaba usiziguse, funika zulia, malizia kwingine, ondoka. Humo kuna jini, na shaba ndiyo inayolifungia lisitoke. Jini la aina hiyo halipigi watu wala halirushi vyombo. Linakunywa maneno tu. Mtu mwenye jambo zito huliita, hulitengea mahali, hulinong'onezea, na jambo lile humtoka. Lakini halichagui. Hunywa zito na jepesi pamoja, na neno ulilolipa hulipati tena. Msasa aliyasikia hayo akiwa kijana, akadhani ni vitisho vya wazee. Basi amelisaga jini la watu, amelikoroga na gundi, amelipaka nyumba nzima.

"Mzee wako hakukunyima maneno, Mwalimu," alisema. "Yalikwisha."

Mwalimu akauliza kama kuna dawa, maana mwezi ujao shule zinafungwa, na binti ameahidi kumleta mjukuu.

"Mimi si mganga. Ila kilichoingia kwa kisu changu nitakitoa kwa patasi yangu. Nitakwangua kila ufa, ule unga nitautia kwenye gunia, nitaupeleka mbali nikauchome. Wewe ndiye mwenye nyumba, lazima uwepo niking'oa, lijue kwamba linafukuzwa. Na usilijibu. Hata neno moja. Likikosa wa kulijibu litalegea kwenye nyufa litoke. Likijibiwa wakati linatoka, litamfuata aliyelijibu."

Akamwambia ni vizuri ajifunge kitambaa mdomoni. Mwalimu alikataa. Aliokota maneno yaliyobaki, moja moja, akasema amenyamazisha watoto hamsini kwa miaka thelathini, hawezi kushindwa kujinyamazisha mwenyewe.

Kazi ilichukua siku mbili. Msasa alivaa viziba masikio vile vya mashine, vikubwa, asisikie chochote. Alikuwa anapiga magoti na patasi nyembamba, akichokoa rojo lililokauka, ufa mmoja baada ya mwingine, na Mwalimu alimfuata na kiti chake. Kwa hiyo walikuwa wawili chumbani, lakini kwa kusikia Mwalimu alikuwa peke yake.

Sebuleni lilimsifu. Chumbani lilimbembeleza. Ukumbini, lilipoona eneo linapungua, lilitukana kwa sauti yake mwenyewe, matusi ambayo Mwalimu hakujua kama anayajua. Alishika kiti kwa kucha na kukaza midomo. Kila chumba kilipomalizika kilinyamaza kweli, na harufu ikaondoka, ukabaki ukimya wa kawaida wa nyumba. Alasiri ya siku ya pili ilibaki pale palipokuwa na kiraka tu, nyufa tano, na fundi amewapa mgongo, yeye na mlango, mabega yake yakienda mbele na nyuma.

Hapo sauti ikashuka. Ikarudi kuwa ya mumewe, ya ujanani, kabla hajaanza kusafisha koo.

"Nilimbeba peke yangu," ilisema.

Mwalimu alisogeza kiti karibu.

"Njia nzima nilimfunika uso nisimwone. Tulipokaribia nikamfunua. Alikuwa amefanana na wewe hapa kwenye paji. Nilimwambia nitarudi nimweleze mama yako jinsi ulivyotulia, asihangaike. Nikarudi. Nilivua viatu nisikushtue. Nilisimama mlangoni kwetu, wewe umegeukia ukuta, nikakuita kwa lile jina letu la ndani, mara moja. Hukugeuka. Nikasema labda amelala, nitamwambia kesho. Kesho yake yalikuwa mazito zaidi, sikuweza kuyainua, nikatafuta pa kuyatua."

Patasi ilikwangua ufa wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na unga mwekundu ukaanguka kwenye gunia, na Mwalimu alikaa akitazama mgongo wa fundi huku akiuona ule ukuta alioutazama miaka thelathini na minane iliyopita, rangi yake iliyobabuka, mstari wa mchwa uliopanda kutoka chini, na akakumbuka jambo alilolizika chini ya kungoja kwake kote, kwamba alikuwa macho, kwamba alisikia viatu vikivuliwa, akasikia akiitwa, na kwa uchungu wake, kwa kutaka mtu mwingine naye aumie kidogo, aliamua asigeuke.

Ufa wa nne ukaisha. Ulibaki mmoja, urefu wa mkono.

"Mke wangu," sauti ilisema. "Nambie tu, nipumzike. Ulikuwa umelala, au ulinisikia?"

Alijua si yeye. Alijua vizuri kabisa, kama anavyojua mbili na mbili. Lakini maneno yale yalikuwa ya mumewe, yalitoka kinywani mwake siku moja akiwa amepiga magoti pale, na hakuna mtu aliyewahi kuyajibu.

"Nilisikia," alisema Mwalimu. "Nilisikia. Nisamehe."

Msasa hakusikia kitu. Alimalizia ufa wa mwisho, akafunga gunia kwa kamba, akavua viziba masikio na kusikiliza. Kimya. Akavuta pumzi kwa pua, akakuta harufu ya mbao safi. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku zile mbili, akageuka kumpongeza, akamkuta Mwalimu machozi yanatiririka na anaitikia kwa kichwa. Alidhani ni ya nafuu. Alisema kitakachobaki ni kuziba upya kwa unga wa mbao nyingine na kupaka vanishi, na hilo alilifanya kwa siku tatu zilizofuata, akieleza kila hatua kama zamani, huku mwenyeji wake akimwandalia chai na kuitikia kwa kichwa. Msasa hakushangaa. Kwa msemaji, kila asiyemkatiza ni mtu mzuri. Alichoma gunia nje ya mji, akaenda kwenye kazi nyingine.

Mwalimu alibaki. Asubuhi alifumbua kinywa kuamkia nyumba yake na hakikutoka kitu. Alijaribu kuimba, akajaribu kulia kwa sauti. Alichukua chaki yake ya zamani akasimama mbele ya ukuta wa jikoni aandike hata moja, mbili, tatu, na mkono ulishuka bila kuacha alama. Vitu vyote vilikuwa mahali pake na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina. Wakati mwingine alisafisha koo.

Jumapili simu ililia mezani, jikoni, juu ya saruji ambako kitu kile hakikuwahi kufika. Mwalimu aliishika kwa mikono miwili, akaibonyeza ilivyozoea kubonyezwa. Binti alisema, "Mama? Uko salama? Nimekuwaza wiki nzima."

Alifumbua mdomo, akausukuma kwa nguvu zake zote. Na palepale kando ya shavu lake, hewani, sauti yake ikajibu kwamba yuko salama kabisa, mwanangu, wewe je, na mume, na kazi?

Ilizungumza vizuri. Ilieleza habari za bei na za goti, ikamtania jirani na rangi ya ukuta wake, binti akacheka. Ilisema mambo ambayo Mwalimu mwenyewe hakuwahi kupata ujasiri wa kusema: kwamba amemkumbuka, kwamba nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, kwamba anampenda. Mwalimu alikata simu. Ikalia tena papo hapo, na kabla hajagusa chochote ikajipokea yenyewe, sauti ikasema ni mtandao tu, mwanangu, usijali.

"Mama," binti alisema, na alikuwa analia kidogo. "Sijawahi kukusikia ukiongea hivi. Nimefurahi sana. Basi tusingoje shule zifungwe, tutakuja Ijumaa. Nimlete na mtoto?"

Mwalimu alipiga meza. Alitikisa kichwa, akatikisa, nywele zikafunguka, akaipiga tena meza kwa viganja vyote viwili mpaka vikombe vikaanguka.

"Kelele gani hizo?" binti aliuliza.

"Ni paka wa jirani," ilijibu sauti yake. "Mlete, mlete. Sakafu sasa ni nzuri. Na umfungashie nguo za siku nyingi."